Maji Hayajui Jumatatu

Samaki walirudi kwenye mfereji wa nyuma ya mtaa wa Kangle katika mwezi ambao, kwa mujibu wa daftari la zamu, lango lake la maji halikufunguliwa hata mara moja. Daftari hilo nililiona kwa macho yangu. Kila siku ilikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na neno lile lile: limefungwa. Samaki nao niliwaona, wadogo, weusi mgongoni, wakizunguka kwa makundi chini ya taa za rangi ambazo mji ulikuwa umezifunga ukingoni. Maji yaliyofungiwa hayaleti samaki. Kati ya watu wote niliowajua Guangzhou, mmoja tu angeweza kunieleza jambo hilo, naye alikuwa ameshaondolewa kazini na nyumba yake imebomolewa.

Tulimwita Mzee wa Lango. Wachina wa mtaani walikuwa na jina lao kwake, nasi tulikuwa na letu, na yote mawili yalitokana na kazi.

Nilikuwa nanunua mapazia ya kupeleka Mombasa. Wenzangu wengi walikaa karibu na Xiaobei, wakawa na vijiofisi vyao katika jengo la Tianxiu Dasha, ghorofa juu ya ghorofa, kila mlango wakala wa mizigo. Mimi nilitaka kuwa karibu na vitambaa. Nikakodi stoo ya chini Kangle pamoja na Papa Célestin, mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyenunua mashati ya shule. Ghorofa za juu zilikuwa zimejaa cherehani zilizolia mchana kutwa. Mlango wetu ulitazama kichochoro. Dirisha la nyuma lilitazama mfereji, na hatua kumi kutoka dirishani palikuwa na nyumba ya lango, chumba kimoja cha matofali chenye paa la vigae.

Siku ya kwanza kabisa, mimi na Papa Célestin tulikuwa tunabishana marobota yapangwe wapi. Sauti ikaingia dirishani, ya upole, ya Kiswahili:

"Ndugu, msiweke chini. Maji yatakuja."

Nikadhani kuna Mtanzania nje. Nilipochungulia nikamwona mzee wa Kichina, mwembamba, suruali imekunjwa hadi magotini, kikombe cha chai mkononi. Papa Célestin alisimama na robota begani, akamsikiliza akisema tena, kisha akanigeukia. "Eh mama, huyu mzee anasemaka kupita mimi."

Kiswahili chake alikitoa kwenye reli. Ujana wake alipelekwa Tanzania na wenzake kujenga njia ya kwenda Zambia, yeye akiwa fundi wa zege kwenye madaraja. Alikaa huko miaka mitano, akarudi kwao, na lugha ikabaki vile vile alivyoiacha, kama nguo iliyofungiwa sandukuni. Kila mtu kwake alikuwa ndugu. Mimi nilikuwa ndugu, Papa Célestin ndugu, mwenye nyumba aliyetupandishia kodi naye ndugu. Alikuwa na maneno mengi ya kazi: kokoto, nondo, pima, kaza, bado, tayari. Maneno ya moyo yalikuwa machache. Neno "pole" alilibebesha karibu yote. Alimpa pole aliyefiwa, aliyebeba mzigo, na gurudumu la lango lilipokwama. Nilimsikia mara nyingi akilipapasa lile gurudumu na kuliambia pole, kisha likazunguka.

Lango lenyewe lilikuwa bamba zito la chuma lililosimama kati ya nguzo mbili za mawe, mahali mfereji ulipokutana na tawi la Mto wa Lulu. Bahari iko mbali na Guangzhou, lakini maji yake yanafika. Mto hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mfereji, lango likiwa wazi, hujaa na kupwa nao. Kazi ya mzee ilikuwa kuamua lini.

Aliieleza kama kuosha sufuria. Mto ukijaa, fungua, maji safi yaingie. Yakifika kwenye alama nyekundu aliyoipaka kwenye jiwe, funga. Ngoja mto upwe nje, uwe chini kabisa. Kisha pandisha lango kwa mara moja, maji yatoke kwa nguvu na kubeba uchafu wote. Siku za kawaida sufuria ilioshwa kidogo. Siku za maji makubwa, ambazo sisi Mombasa tunaziita bamvua, ilioshwa hadi chini. Siku hizo zilikuwa mbili kwa mwezi, na mtaa mzima ulizijua, kwa sababu maji yakifika alama nyekundu yalipenya kupitia mitaro ya chini ya sakafu na kutulowesha hadi vifundo vya miguu. Hayo yalikuwa mapatano ya zamani: mfereji uishi, na nyinyi wa chini muinue vitu juu ya matofali siku mbili kila mwezi. Asubuhi ya siku hizo mzee alipita mlango kwa mlango akigonga kwa kijiko cha chuma.

*

Alipenda kusimulia mfereji ulivyokuwa, lakini hakusimulia kwa machozi. Alisimulia kama mtu anayesoma orodha ya mizigo. Matofali, kuni, makaa ya mawe, majora ya pamba. Mashua zilipanga foleni mbele ya lango tangu alfajiri, na wanawake waliokuwa wakiziendesha walikuwa na matusi makali kuliko wanaume. Kiwanda cha kusokota nyuzi kilikuwa na ngazi zake za mawe, kiwanda cha viberiti ngazi zake. Baba wa mkewe alikuwa mlinzi wa lango kabla yake. Aliporudi kutoka Afrika alipewa kazi hiyo kwa kuwa ana mikono ya fundi, na nadhani pia kwa kuwa alikuwa ameoa ndani ya nyumba hiyo.

Kisha barabara zikaja. Lori moja lilifanya kwa saa moja kazi ya mashua tatu za siku nzima. Foleni ya lango ikapungua, ikafa. Viwanda vya kando havikuhitaji tena mfereji wa kuleta vitu, vikauhitaji wa kutupa. Nilipofika mimi, Guangzhou ilikuwa katika kasi yake kubwa, kila wiki jengo jipya limeota, na mfereji ulikuwa unabadilika rangi. Juu yetu kulikuwa na viwanda vya kutia rangi vitambaa. Jumatano maji yalikuwa buluu, Ijumaa yalikuwa zambarau. Papa Célestin aliligeuza jambo hilo kuwa elimu. Alikuwa akichungulia dirishani kabla ya kwenda sokoni na kutangaza rangi itakayouzwa msimu ujao, na mara nyingi alipatia. Mzee hakucheka. Alisema mto hauna rangi ila ile ya udongo, na mtu anayejua rangi nyingine za mto anajua jambo la aibu.

Lakini usidhani alikuwa mtakatifu wa maji. Majani ya chai aliyamwaga mferejini, na maganda ya mbegu za tikiti alizotafuna aliyatema huko huko, siku nzima. Nilipomwuliza alisema hivyo vinaoza. Hakujua kuogelea. Miaka yote aliyokaa ukingoni hakuwahi kuingia kwenye mashua ila alipolazimishwa, na alishika pande zote mbili kwa mikono miwili. Samaki hakula. Alisema alikula samaki wakavu kila siku kambini Mlimba, enzi za reli, hadi akawachukia, kisha akakaa miaka mingi akililia maji yenye samaki.

Na ni yeye aliyemimina zege.

Sehemu ya juu ya mfereji, mita nyingi tu, ilikuwa imefunikwa kwa slabu, na juu ya slabu kulikuwa na vibanda vya kuuza vifungo na zipu. Nilipita hapo kila siku bila kujua natembea juu ya maji. Siku moja nilisema, kwa hasira ya mtu aliyelishwa habari nusu, kwamba waliofunika pale walikuwa wajinga. Mzee alikuwa anapaka grisi kwenye meno ya gurudumu. Alipaka grisi kila asubuhi, na iliyozidi aliifuta kwa kipande cha kitambaa cha buluu alichookota kwenye karakana za kushona. Akamaliza kufuta, akakunja kitambaa chake.

"Slabu zile nilimimina mimi, ndugu. Nilikuwa na cheti. Kulikuwa na mkutano, wakauliza nani amewahi kumwaga zege juu ya maji. Nikanyanyua mkono."

Nikamwuliza kwa nini.

"Walisema harufu itaisha. Na mimi nilitaka waone najua kazi."

Alipitisha siku nyingine nyingi akiwa mchangamfu kama kawaida, lakini tangu hapo nilijua anachokitafuta. Hakutaka mashua zirudi. Alitaka lango liendelee kufunguliwa, ule mfereji uliobaki usifungwe kama alivyoufunga yeye wa juu. Ndiyo maana alishika saa zake za kujaa na kupwa kama mtu anayelipa nadhiri.

*

Kosa langu kubwa Guangzhou nililifanya kwa kiburi cha kwetu. Mwezi wa kwanza wa ukodishaji wetu mzee alikuja kutuaga. Anakwenda kijijini kwa siku chache, mtu wa ofisi ya maji atashika gurudumu, lakini hatagonga milango. Tukumbuke wenyewe. Akaonyesha juu. "Tarehe tatu ya mwezi, na tarehe kumi na nane. Inueni vitu."

Nilielewa kwamba anasema mwezi wa angani. Nikamwambia asitufundishe bamvua sisi watu wa Mombasa, tumezaliwa nayo. Ukweli ni kwamba nilizaliwa ghorofa ya pili Kibokoni na bahari niliiona kwa mbali. Lakini nilimpigia mama simu, akaniambia mwezi umeandama jana, nikahesabu. Tarehe tatu itakuwa Alhamisi. Nikamwambia Papa Célestin tuna nafasi tele, tutainua Jumatano jioni.

Maji yaliingia siku ile ile, Jumanne. Majora yangu ya pazia yalikuwa yamesimama wima sakafuni, yakanywa maji kutoka chini kwenda juu kama utambi wa taa. Marobota ya mashati yalikuwa yamelazwa, yakalowa tabaka la chini lote. Papa Célestin alisimama katikati ya stoo, viatu mkononi, bila kupandisha sauti.

"Mama, mulihesabia mwezi ya wapi?"

"Wa Mombasa."

"Na hii maji, nayo iko ya Mombasa?"

Mzee aliporudi alitupa pole, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuuliza nilihesabuje. Nilipomweleza alicheka kwa mara ya kwanza mbele yetu, kicheko kirefu cha mtu aliyeona fundi mwenzake amekosea kwa njia ya kupendeza.

"Wewe unangoja kuuona," alisema. "Mimi naanza ukipotea."

Ndivyo ilivyo. Mwezi wao wanauanza siku ule wa angani unapokuwa haupo kabisa. Sisi tunauanza jicho linapouona. Kati ya hesabu mbili hizo kuna siku moja, pengine mbili, na ndani ya siku hizo mapazia yangu yaliharibika. Tatu yake ilikuwa mosi yangu. Tangu siku hiyo nikawa naandika nyuma ya risiti kila maji yalipoingia: tarehe ya kalenda ya ukutani, tarehe ya mwezi wake, tarehe ya mwezi wangu, na kimo cha maji ukutani kwa vidole. Nilifanya hivyo kwanza kwa ajili ya bidhaa. Baadaye nilifanya kwa sababu siwezi kuona jambo linajirudia nisiandike.

*

Ukarabati ulitangazwa mji ulipoanza kujiandaa kwa michezo mikubwa. Wageni watakuja, mifereji isinuke. Kwa mambo ya Guangzhou ya wakati ule, kutangaza na kuanza vilikuwa siku moja. Vibanda vya zipu vikahamishwa, slabu zikavunjwa kwa nyundo za umeme. Mzee alikwenda kusimama hapo siku tatu mfululizo kutazama zege lake likipasuka. Nilidhani anaumia. Alikuwa anafurahi. Alinionyesha kipande chenye nondo na kusema, "Tazama, lilikuwa zege zuri," kwa fahari, na papo hapo, kwa fahari ile ile, akaonyesha anga lililoonekana majini kwa mara ya kwanza tangu siku alipolifunika.

Viwanda vya rangi vilihamishiwa mbali. Tope lilikokotwa kwa mashine. Kuta mpya zilijengwa, na vizuizi vya mawe, na vitanda vya maua. Kisha ukaja mkutano wa lango.

Injinia alikuwa kijana wa kaskazini, mwenye miwani na adabu, aliyesoma nje na kuzungumza Kiingereza kizuri. Wapangaji wa chini wote tuliitwa, kwa kuwa sisi ndio tuliolowa. Alitueleza mpango: lango jipya la umeme, bamba jepesi, chumba cha mashine chenye kufuli. Litafunguka kila Jumatatu asubuhi kwa saa mbili, lenyewe. Hakuna atakayelowa tena.

Wapangaji walifurahi. Mimi pia nilikuwa na kila sababu ya kufurahi. Mzee akasimama kuzungumza. Alianza kwa lugha ya kitaifa, aliyoijua, lakini hasira ilipomshika lugha hiyo ilimtoka yote, akabaki na Kikantoni cha mtaani. Injinia, mtoto wa kaskazini, hakuelewa hata neno. Waliokuwa wakielewa zote mbili hawakutaka kutafsiri, kwani walitaka sakafu kavu. Mzee akatazama huku na huko, akaniona, na akanigeukia kwa Kiswahili.

"Ndugu, nisaidie. Mwambie ukifunga siku sita, maji yanakufa. Mwambie siku ya saba ukifungua, hujui mto uko juu au uko chini. Mto unafuata mwezi."

Nikasimama. Nikayasema kwa Kiingereza. Kwa hiyo maneno ya mtu wa Guangzhou yalimfikia mwenzake wa China kwa kupitia Mlimba na Mombasa, watu arobaini wakitazama, na Papa Célestin kando yangu akitikisa kichwa kama aliye kanisani. Injinia alisikiliza vizuri. Alijibu kwamba ratiba ya wiki ndiyo inayoingia kwenye mtambo, na ndiyo ambayo ofisi itaweza kuikagua. Nikarudisha hayo kwa Kiswahili.

Mzee alipokea jibu, akalipima.

"Mwambie maji hayajui Jumatatu."

Nilimwambia. Injinia hakukasirika. Aliandika kitu, akauliza kama mzee ana ushahidi au ana mazoea tu. Nikajikuta nasema ushahidi upo, na uko kwangu.

Tulifanya kazi wiki nzima, mimi na mzee, juu ya meza yangu ya kukunjia vitambaa. Nilimsomea risiti za miaka sita, yeye akasahihisha. Tukachora jedwali kwenye karatasi moja kubwa: safu ya kalenda ya ukutani, safu ya mwezi unaopotea, safu ya mwezi unaoonekana, safu ya vidole. Siku za wiki tuliziandika pembeni, na hazikuwa na mpango wowote: Jumanne, Jumapili, Alhamisi. Safu za miezi zilikwenda sambamba kama reli, siku moja au mbili kati yao, kila mwezi, miaka sita. Chini yake mzee aliandika kwa mkono wake maelekezo ya kufungua na kufunga. Injinia alipokea karatasi kwa mikono miwili, akaitia kwenye jalada la plastiki, akashukuru. Lango likajengwa kwa Jumatatu.

*

Nyumba ya lango ilibomolewa asubuhi moja, kabla ya chai. Mzee alipewa fleti kwenye jengo refu upande wa mashariki wa mji, ghorofa ya ishirini na mbili. Gurudumu lake la chuma waliling'oa, wakalipaka rangi nyekundu, wakaliweka juu ya jiwe katikati ya maua ili watu wapige picha. Nilikuwa naye alipoliona. Alilizunguka mara moja, akagusa meno yaliyokauka.

"Wamelipamba kama bibi harusi," alisema, "na hakuna bwana harusi." Akatafuta kitambaa chake cha buluu mfukoni, akakikosa, akaondoka.

Miezi miwili ya kwanza Jumatatu zilipita salama, kwa bahati. Jumatatu moja ikaangukia tarehe kumi na nane yake. Lango likafunguka lenyewe mto ukiwa juu kuliko siku zote za mwezi, bila mtu wa kutazama alama nyekundu, kwani hata alama haikuwepo tena. Maji hayakutulowesha vifundo. Yalifika magotini. Mimi na Papa Célestin tulikuwa tumeinua vitu tangu jana yake, kwa jedwali letu. Majirani hawakuwa nalo. Ofisi ilifanya kile ambacho ofisi hufanya, ikazima ratiba, na lango likafungwa moja kwa moja.

Mfereji ukaanza kufa mara ya pili, safari hii ukiwa umevaa vizuri. Maji yalikuwa kijani kizito. Jioni taa za rangi ziliwaka juu yake na watu walipita kwa haraka wakiziba pua. Papa Célestin alirudi Lubumbashi viza zilipokazwa, akaniachia nusu yake ya stoo na ujumbe kwa mzee, kwamba kwao kuna mto mmoja unaomngoja mtu mwenye akili. Sikujua pa kuupeleka. Nambari ya simu ya mzee ilikuwa haipatikani.

Kisha, mwezi ule nilioutaja mwanzoni, harufu ikapungua. Nikadhani nimeizoea. Siku ya tatu ya mwezi wake nilikuta sakafu yangu imelowa, kidogo, hadi vifundo. Siku ya kumi na nane tena. Kati ya siku hizo nikaona samaki. Nikaenda kwa mlinzi wa chumba cha mashine, mtu mnene mwenye tabasamu, nikampa sigara na kumwuliza nani anafungua lango. "Meiyou," akasema, hakuna, kama wanavyosema sokoni wakikukatalia bei. Akanionyesha daftari. Neno la "limefungwa" nililijua, ndilo wanalobandika madukani wakati wa mwaka mpya wao.

Nikahesabu. Mwezi uliofuata, tarehe tatu yake, ambayo kwangu ilikuwa mosi, nilifunga stoo mapema, nikaenda kukaa kwenye benchi karibu na lango tangu saa sita mchana. Nilitaka kumfumania.

Saa saba na nusu alikuja. Alitoka upande wa barabara, si upande wa chumba cha mashine, akitembea kwa fimbo. Goti moja lilikuwa halikunjiki tena. Alikuwa amepanda mabasi mawili. Alikaa kando yangu kana kwamba tuliachana jana, akamimina chai kutoka kwenye chupa yake na kuniuliza habari za kazi. Nikampa salamu za Papa Célestin. Akacheka, akauliza huo mto wa Lubumbashi unajaa na kupwa? Nikasema sidhani. Akasema basi hana kazi huko.

Nikamwuliza habari za ghorofa ya ishirini na mbili. Alisema lifti ni nzuri, jiko ni zuri, na kutoka dirishani anaona paa za watu wengi, lakini haoni maji hata ya kuoshea mkono. Mwezi anauona vizuri sana, akaongeza. Hiyo ndiyo faida.

Mlinzi alituona, akaja kuegemea kizuizi cha mawe mbele yetu, akila tambi kwenye bakuli la karatasi. Ufunguo wa chumba ulining'inia kiunoni mwake. Mto nje ulikuwa umejaa, umefika karibu na shingo ya nguzo. Mzee alishika kikombe kwa mikono miwili. Nilikuwa naitazama ile mikono, sikufichi, kama askari wa forodha. Kucha zilikuwa safi. Hazikuwa na hata chembe ya grisi.

Lango likapanda.

Halikutoa sauti ya mota. Lilipanda polepole, kwa vipimo, kama linavyopanda kwa mpini wa mkono uliowekwa kwa ajili ya siku umeme unapokatika. Maji ya mto yakaingia chini yake, ya rangi ya udongo. Mlinzi aliendelea kula tambi, mgongo wake kwa lango. Mzee alitazama ukuta wa zege mpya, midomo yake ikihesabu, na alipotikisa kichwa kuashiria tayari, lango lilikuwa linaanza kushuka. Alama nyekundu mpya, ndogo kama kidole gumba, ilikuwa imepakwa ukutani. Maji yalisimama hapo hapo.

"Ni nani, Mzee?"

"Mimi nimekaa na wewe, ndugu."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Alikunywa chai yake ikaisha. Alimwaga majani mferejini, akawaangalia samaki wakiyakimbilia na kuyaacha. "Mimi pia nilikuja kuuliza," alisema. "Kule kwangu nilisikia tu kwamba hakunuki."

Tulikwenda pamoja hadi chumba cha mashine, yeye kwa fimbo. Kufuli lilikuwa limefungwa kwa nje. Mlinzi alitwambia funguo ziko mbili, wa kwake na mwingine ulioko ofisini kwa injinia, na injinia hakuonekana hapo siku nyingi. Hakutaka kufungua. Nikachungulia kwenye dirisha la nondo. Hapakuwa na mtu. Mpini wa mkono ulikuwa mahali pake, meno yake yamepakwa grisi mbichi, na iliyozidi ilikuwa imefutwa vizuri. Ukutani, juu ya mpini, palibandikwa nakala ya karatasi niliyoijua, ile tuliyompa injinia: safu ya mwezi unaopotea, safu ya mwezi unaoonekana, safu ya vidole, mwandiko wangu na, chini yake, wa mzee. Mtu alikuwa ameendeleza jedwali kwa kalamu nyingine, mwezi baada ya mwezi, mpaka mwisho wa mwaka uliofuata.

Mzee hakuweza kuchungulia kwa sababu ya goti. Nikamsomea yote kwa Kiswahili, safu kwa safu, yeye akisikiliza amefumba macho. Alisahihisha tarehe moja.

Mlinzi alimaliza tambi, akakaa kibandani kwake, akafungua daftari. Nilisubiri aandike. Aliandika tarehe, akaandika saa, na mbele yake akaandika: limefungwa.